Usisubiri uone ukungu ndo upigwe picha ya jicho

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wagonjwa wa muda mrefu, ndugu zao na wahudumu wa afya. Wengi hamkuweza kufika na mmeomba muipate yote, basi nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, na nyie wenzangu wa wodini na maabara mliojibana huko nyuma, habari zenu. Asanteni sana kwa kuja. Nianze na swali na naomba mnyooshe mikono bila aibu: nani hapa ana kisukari, au presha, au lupasi (ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), au selimundu, au anamuuguza mtu mwenye mojawapo? Haya, karibu ukumbi mzima. Sasa bakisha mkono juu kama wewe au huyo mgonjwa wako alishapigwa picha ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ndani ya mwaka huu. Mnaona ilivyoshuka? Hiyo mikono iliyoshuka ndo imenileta hapa leo.

Mimi ni daktari wa macho, na wengi wanaokuja kwangu wanakuja kwa sababu hawaoni, na hilo linaniuma sana, maana magonjwa mengi ya mwili yanaanza kuacha alama nyuma ya jicho wakati mtu bado anasoma ule mstari wa mwisho kabisa wa chati. Picha ingepigwa wakati ule tungekuwa tunaongea mengine. Kwa hiyo nina neno moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: picha ya jicho inapigwa ukiwa bado unaona vizuri, alafu inasomwa pamoja na mwili mzima.

Kwa nini jicho? Hebu niambieni, mishipa midogo ya damu ya figo utaiona wapi? Ya ubongo je? Huko mpaka mashine kubwa, au dawa ya kuchoma mshipani, au kisu. Lakini kwenye jicho ukipitisha mwanga kwenye mboni unaiona mishipa yenyewe, hai, damu inapita ndani, ngozi haipo, mfupa haupo, na pembeni kidogo unakiona kichwa cha mshipa wa fahamu unaokwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Vitu hivyo viwili kwa pamoja, wazi namna hiyo, huvipati sehemu nyingine ya mwili. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, na madaktari wakaanza kuona kwamba presha, figo na kisukari vyote vinaandika humo humo.

Mwaka 1939 huko Marekani madaktari watatu, Keith, Wagener na Barker, waliwagawa wagonjwa wao wa presha kwenye makundi manne, na kilichowaongoza zaidi ni hali ya retina. Wakawafuatilia. Baada ya miaka 3, kundi la kwanza, wenye mabadiliko kidogo tu ya mishipa, asilimia 70 walikuwa hai. Kundi la nne, wale ambao kichwa cha mshipa wa fahamu kimevimba, walibaki asilimia 6. Sita jamani! Enzi hizo dawa za presha tulizonazo leo hazikuwepo, ni kweli, lakini jicho lilikuwa limeshasema nani yuko kwenye hatari kubwa.

Na bado linasema. Kuna baba mmoja alikuja kwangu kutaka miwani. Hajaja kwa presha, hajaja kwa kichwa, kasema tu herufi za kwenye simu zinacheza na anaona ameshazeeka. Umri wake hata hamsini haujafika. Tukampiga picha ya retina ya rangi, ile ya kawaida, unaweka kidevu, unaangalia kitaa, mwanga unapiga mara moja basi. Picha ikatokea kwenye skrini na nesi aliyekuwa pembeni yangu akanyamaza. Mishipa ya ateri imekuwa myembamba kama uzi, damu imevuja katika mistari mistari kufuata nyuzi za neva, kuna yale madoa meupe yenye kingo zisizoeleweka tunayoyaita madoa ya pamba, maana yake sehemu hiyo ya retina imekosa damu, na kile kichwa cha mshipa wa fahamu ambacho kinatakiwa kiwe na mpaka mkali kabisa, mpaka haupo, umefutika. Tukapima presha: 230 kwa 130. Huyo mtu alikuwa amesimama kwenye foleni ya miwani akiwa na presha ya kupoteza figo, ubongo na uhai. Alienda emajensi siku ileile, na wenzangu wa huko waliishusha taratibu kama inavyotakiwa, maana ukiishusha kwa pupa unaweza kumpofusha au kumletea kiharusi hapohapo. Sasa niambieni, nani alimgundua? Kamera.

Tuje kwenye kisukari, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa sana.

Retina haiumi. Nasema tena, retina haiumi. Haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo mishipa ya damu inavyovimba vijipu vidogo, inavyovuja, inavyoziba, wewe husikii chochote. Na kama uvujaji haujafika kwenye makula, ile sehemu ya katikati tunayosomea na kutambulia sura za watu, basi unaona vizuri kabisa. Unaona vizuri na jicho linaharibika. Mtu wa kisukari aina ya pili, siku anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, karibu mmoja kati ya watano tayari ana mabadiliko kwenye retina, kwa sababu sukari ilikuwa juu miaka bila yeye kujua. Ndo maana tunasema aina ya pili upigwe picha mara tu unapogundulika, usisubiri. Aina ya kwanza tunaanza ndani ya miaka 5 tangu kugundulika. Baada ya hapo ni kila mwaka, isipokuwa daktari wako amekuambia vingine kutokana na picha zako zilizopita.

Nilikuwa na wagonjwa wawili, mwalimu na fundi, wote kisukari cha miaka mingi. Mwalimu alisukumwa na binti yake, "mama twende tu," mama hataki, anaona poa, kwa nini apoteze siku. Chati alisoma yote. Picha ikaonyesha mishipa mipya inaota juu ya kichwa cha mshipa wa fahamu, mishipa laini isiyo na adabu, hiyo ndo inayopasuka. Akapigwa leza kwenye retina ya pembeni, mara kadhaa, na mpaka leo anasahihisha madaftari yake. Leza hiyo si ya juzi, utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa matokeo mwaka 1976 kwamba inapunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu kwa macho yaliyofikia hatua hiyo, na siku hizi zipo pia sindano za ndani ya jicho. Fundi yeye alikuja ameshikwa mkono. Aliamka asubuhi akaona wino mweusi unashuka kwenye jicho, alafu giza. Mishipa ileile mipya, ila kwake ilishapasuka. Kamera haikuona kitu maana damu imeziba njia ya mwanga, ikabidi tumpige altrasaundi ya jicho, na altrasaundi ikaonyesha retina imeshavutwa na makovu, imebanduka. Tulimpeleka kwa upasuaji, akapata mwanga kidogo, wa kutembea, wa kazi haukurudi. Ugonjwa ni uleule! Tofauti ni siku ya picha.

Na kama kuna mtu anadhani haya ni maneno ya daktari kujitafutia wateja, angalieni Uingereza. England na Wales ugonjwa wa retina wa kisukari ulikuwa ndo chanzo namba moja cha upofu unaosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi, miongo na miongo. Wakaanzisha mpango wa nchi nzima wa kuwaita wenye kisukari kupigwa picha za retina, na walipoangalia rekodi za 2009 mpaka 2010 kisukari hakikuwa tena namba moja. Wenye kisukari hawakupungua, waliongezeka. Picha pamoja na matibabu ya mapema na kuangalia sukari vizuri ndo vimefanya kazi.

Kuna jambo moja dogo watu huwa hawaambiwi. Ukianza dawa mpya na sukari iliyokuwa juu sana kwa muda mrefu ikashuka haraka, retina inaweza kuchafuka zaidi kwa muda kabla ya kutulia. Usiache dawa! Mbele ya safari sukari nzuri ndo inalinda jicho. Ila pigwa picha kabla hujaanza na urudi mapema.

Sasa wengine mnaniuliza, daktari mbona kila nikija mnataka picha nyingine, ile ya juzi haitoshi? Kila picha inajibu swali lake. Ile ya rangi inaonyesha uso wa retina. OCT, ambayo ilitangazwa mwaka 1991 na watu wa chuo cha MIT cha Marekani kwenye jarida la Science, yenyewe inatumia mwanga kuikata retina tabaka kwa tabaka bila kukugusa. Retina katikati ya makula ina unene wa kama robo ya milimita tu, na OCT inakuhesabia humo ndani kwa maikromita, kwa hiyo maji yakiingia kidogo tu tunayaona, tukichoma sindano tunaona yanavyokauka, tunalinganisha mwezi huu na uliopita. Kwangu mimi OCT ndo imebadilisha kazi yetu kuliko kitu kingine chochote.

Alafu kuna ile ya kuchomwa rangi ya manjano mkononi, floresini. Hadithi yake naipenda. Wanafunzi wawili wa udaktari chuo kikuu cha Indiana, Novotny na Alvis, ndo walifanikiwa kupiga picha za rangi hiyo ikipita kwenye retina, na jicho la kwanza walilopiga lilikuwa la Alvis mwenyewe. Kazi yao ilitoka mwaka 1961, tena kwenye jarida la moyo na mishipa ya damu, si la macho. Mnaona hata wenyewe walivyoanza, walikuwa wanautafuta mwili kupitia jicho. Rangi inaingia mkononi, sekunde 10 mpaka 15 hivi imeshafika kwenye retina, na pale palipoziba panabaki peusi, palipovuja panawaka. Utajisikia kichefuchefu kidogo pengine, ngozi na mkojo vitakuwa vya manjano mpaka kesho yake, usiogope. Ila kama una mzio wa kitu chochote tuambie kabla sindano haijaingia.

Kwa wenye selimundu picha hiyo ina maana ya pekee. Mishipa yao inaziba kule pembeni kabisa mwa retina, mbali na katikati, kwa hiyo kamera ya kawaida inapiga katikati na kusema safi wakati pembeni mishipa mipya imeshaota kwa umbo la feni. Na sikilizeni hili, wale wenye aina ya SC, waliorithi S kwa mzazi mmoja na C kwa mwingine, ambao mara nyingi maumivu yao ni machache kuliko wa SS, waliorithi S kwa wazazi wote wawili, na wanajiona wamepona nusu, hao ndo wanaota hiyo mishipa mara nyingi zaidi. Kijana wa SC ambaye halazwi halazwi anaweza kuwa na retina mbaya kuliko mwenzake anayelazwa kila mara. Mwombeeni picha pana, au daktari achunguze mpaka pembeni na mboni imepanuliwa.

Ugonjwa wa tezi la shingo nao una mashine zake. Macho yametoka nje, kope haishuki, vitu vinaonekana viwili viwili, hapo kamera ya retina haitusaidii sana, tunataka picha za mashine kubwa, CT au MRI, za tundu la jicho, ambazo zinaonyesha misuli ya jicho imenenepa, na hofu yetu ni ile misuli kuubana mshipa wa fahamu kule nyuma. Rangi zikianza kupauka, nyekundu ikawa kama imefuliwa sana, njoo siku hiyohiyo. Na sigara achana nayo, inauzidisha ugonjwa huo vibaya mno.

Kuna dada mmoja aliyezunguka na kichwa kinachouma miezi mingi. CT ya kichwa alipigwa, ikaandikwa haina tatizo, akapewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani. Akiinama macho yanafunga sekunde chache alafu yanarudi, na masikioni anasikia mvumo unaopiga sawa na moyo. Alipofika kwetu picha ya retina ikaonyesha vichwa vya mishipa ya fahamu vimevimba macho yote mawili. Tukapiga altrasaundi kuhakikisha si zile chembe za chokaa ambazo watu wengine wanazaliwa na tabia ya kuzijenga humo na zinafanana na uvimbe, haikuwa hivyo. MRI na picha ya mishipa ya vena ya ubongo ikapigwa kuona kama kuna damu imeganda, haikuwepo, alafu maji ya uti wa mgongo yakapimwa, presha ya maji hayo iko juu. Kupungua uzito na dawa vikamsaidia, na OCT ndo inatuambia kila anaporudi uvimbe unashuka au la. Angebaki na ile karatasi ya "haina tatizo" angepofuka taratibu huku anameza panadol.

Wenzangu wa hospitali, sasa naongea na nyinyi.

Mnakumbuka kazi iliyofanyika Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth, ikatoka 2004? Watoto waliofariki wakiwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo, kukosa fahamu, vimelea kwenye damu, walichunguzwa baada ya kifo, na katika 31 watoto 7 walikuwa wameuawa na kitu kingine kabisa. Vimelea walikuwa navyo, ila havikuwa ndivyo vilivyowaua. Dalili pekee ya kitandani iliyowatenganisha hao na wenye malaria ya ubongo ya kweli ilikuwa ni retina: weupe wa mabaka, mishipa iliyobadilika rangi, damu zenye katikati nyeupe. Mtoto hana fahamu, hawezi kukuambia kinachomuuma, mama yake analia pembeni, na jibu liko nyuma ya mboni. Tunamuangalia? Kweli tunamuangalia?

Lakini jicho pia halijibu peke yake. Damu zenye katikati nyeupe nimezitaja kwa malaria, haya, kijana mwingine alikuja na ukungu kwenye jicho moja, amechoka, fizi zinatoka damu, na retina yake ilikuwa na damu za namna hiyohiyo. Zinaweza kuwa maambukizi kwenye vali za moyo, zinaweza kuwa upungufu mkubwa wa damu, zinaweza kuwa kisukari. Tukaomba kipimo cha picha kamili ya damu jioni ileile na ilikuwa saratani ya damu. Kwa hiyo nawaomba, mnapotuletea mgonjwa, karatasi isiandikwe tu "picha ya macho tafadhali". Andika ana nini, tangu lini, anatumia dawa gani, CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, kama ipo. Mwenye VVU ambaye CD4 iko chini ya 50 na anaona vidoa kama vijidudu vinaelea, mimi nikijua hivyo natafuta maambukizi ya kirusi cha CMV kwenye retina haraka sana, nisipojua naweza kumpangia foleni ya mwezi ujao.

Na dawa pia muandike. Wenye lupasi na baridi yabisi wanaotumia haidroksiklorokwini, dawa ni nzuri, msiiache, ila inaweza kudhuru retina pole pole na dhara hilo halirudi nyuma. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako halisi kwa siku, picha ya mwanzo ndani ya mwaka wa kwanza, na ukifika miaka 5 basi OCT na kipimo cha uwanja wa kuona kila mwaka. Figo zikiwa na shida tunaanza mapema zaidi. Ndani ya miaka 10 ya mwanzo hatari kwa dozi hiyo haifiki asilimia 2, ukifika miaka 20 inakaribia asilimia 20. Ndo maana mtu aliyeitumia salama miaka mingi asituambie "mbona sijawahi kupata shida".

Kuhusu kompyuta kusoma picha, najua mtaniuliza. Ipo. Aprili 2018 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza inayosoma picha za retina za wenye kisukari na kutoa jibu bila daktari kutafsiri, na mwaka huohuo watafiti wa Google walionyesha kwamba kompyuta inaweza kukadiria umri, jinsia, hata kama mtu anavuta sigara, kwa retina tu. Mimi naifurahia kwa dhati kwa sababu madaktari wa macho hatutoshi. Lakini mashine imefundishwa kutafuta kisukari, haikuulizwa habari ya saratani ya damu ya yule kijana.

Maswali yaliyokuja mwishoni nayajibu hapa kwa wote. Mionzi: picha ya rangi na OCT ni mwanga tu, altrasaundi ni sauti, MRI ni sumaku, CT ndo yenye mionzi. Matone ya kupanua mboni yatakutia ukungu wa karibu na kuchukia jua kwa muda wa kama saa 4 mpaka 6, kwa hiyo usiendeshe gari, njoo na mtu. Jicho likifungwa giza ghafla dakika chache alafu likafunguka, hata kama limerudi sawa kabisa, hiyo ichukulie kama kiharusi, nenda emajensi uangaliwe mishipa ya shingo na moyo, usisubiri kliniki. Na yule mama aliyeuliza kuhusu ujauzito: kama ulikuwa na kisukari kabla ya mimba, pigwa picha miezi mitatu ya mwanzo na tutarudia, maana mimba inaweza kuukimbiza ugonjwa wa retina. Floresini huwa tunaiacha mpaka ujifungue, ila picha ya rangi na OCT hazina shida kwa mtoto. Kama hukuniona siku ile kabla ya kuondoka, njoo kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi.